Sindano za kuzuia homoni kwa saratani ya tezi dume: kuchomwa salama, na kwa tarehe yake

Saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa, mara nyingi hadi kwenye mifupa ya nyonga na uti wa mgongo, hulishwa na testosteroni, homoni ya kiume ambayo sehemu yake kubwa hutengenezwa kwenye korodani. Korodani nazo hufanya kazi kwa amri ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Sindano za kuzuia homoni hukata amri hiyo. Testosteroni ikishuka, saratani hunywea na kutulia, lakini haiishi. Hubaki imetulia kadiri homoni inavyobaki chini, na ndiyo maana sindano hurudiwa kwa miezi na miaka.

Dawa zenyewe ni nzuri. Yanayoharibika mara nyingi ni mambo mawili: dawa kutoingia inapotakiwa, na tarehe kupitwa.

Ijue dawa yako kwa jina na kwa miligramu

Usiridhike na kuambiwa "sindano ya miezi mitatu". Andika jina na kipimo kwenye daftari lako, kwa sababu dawa moja huja katika maboksi ya nguvu tofauti.

Goserelini (Zoladex) ya miligramu 3.6 hukaa siku 28, na ya miligramu 10.8 hukaa wiki 12. Ni kipande kidogo kigumu, kama punje nyembamba ya mchele, kinachopandikizwa chini ya ngozi ya tumbo na kuyeyuka chenyewe taratibu. Hakitolewi.

Leuprolidi (Lupron Depot, Eligard) ina maboksi ya mwezi mmoja ya miligramu 7.5, ya miezi mitatu ya 22.5, na mengine ya miezi minne na sita. Lupron Depot huchomwa ndani ya msuli, Eligard chini ya ngozi. Triptorelini (Decapeptyl) ya miligramu 3.75 ni ya mwezi, ya 11.25 ni ya miezi mitatu. Huja kama unga unaochanganywa na maji yake palepale kabla ya kuchomwa.

Degarelix (Firmagon) ni ya kundi lingine. Siku ya kwanza hupewa miligramu 240, zikigawanywa katika sindano mbili za 120, kisha miligramu 80 kila siku 28, chini ya ngozi ya tumbo.

Kosa la kuangalia kwa makini zaidi liko kwenye Zoladex. Ile ya 3.6 hutumika pia kwa saratani ya matiti na magonjwa ya uzazi ya wanawake, hivyo famasi nyingi huwa na hiyo tu rafuni. Daktari ameandika 10.8, famasi imetoa 3.6, nesi amechoma bila kulinganisha, na mgonjwa amepangiwa kurudi baada ya wiki 12. Hapo atakaa karibu miezi miwili bila kinga yoyote. Kabla boksi halijafunguliwa, liweke ubavuni mwa cheti cha daktari na usome namba kwa sauti. Wala sindano tatu za mwezi mmoja hazichomwi kwa mkupuo ili ziwe moja ya miezi mitatu, na ya miezi mitatu haigawanywi. Namna dawa inavyoachiliwa mwilini ni tofauti kwa kila boksi.

Wiki mbili za mwanzo: homoni hupanda kwanza

Goserelini, leuprolidi na triptorelini huishinda pituitari kwa kuichochea mno hadi ichoke. Kabla haijachoka, hutoa amri nyingi kuliko kawaida. Kwa hiyo testosteroni hupanda katika siku za mwanzo, kisha huporomoka na kufikia kiwango cha chini kabisa baada ya wiki tatu hivi. Katika dirisha hilo saratani hupata chakula cha ziada. Maumivu ya mifupa yanaweza kuzidi, mkojo unaweza kuziba, na uvimbe ulio kwenye pingili za mgongo unaweza kubana uti wa mgongo.

Kinga yake ni kidonge cha kuzuia testosteroni isifanye kazi, kwa kawaida bikalutamidi ya miligramu 50 mara moja kwa siku. Madaktari wengi hukianzisha siku kadhaa hadi wiki moja kabla ya sindano ya kwanza, na kukiendeleza wiki mbili hadi nne baada yake. Kama umepangiwa sindano ya kwanza ya kundi hili na hujapewa kidonge chochote, uliza: "Daktari, homoni itakapopanda mwanzoni nitakingwa na nini?" Ni swali la haki kabisa. Kwa aliyefunga Ramadhani, kidonge cha mara moja kwa siku humezwa wakati wa futari au daku bila tatizo.

Degarelix haina mpando huu, kwa sababu huziba amri moja kwa moja, na testosteroni hushuka ndani ya siku chache. Ndiyo maana huchaguliwa kwa mtu ambaye mgongo wake tayari uko hatarini.

Katika wiki hizo mbili, yafuatayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku: miguu kuwa dhaifu au kufa ganzi, ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, maumivu mapya makali ya mgongo, kushindwa kukojoa au kutoweza kuzuia choo. Uti wa mgongo uliobanwa ukichelewa kutibiwa, miguu huenda isirudi. Lipo pia jambo adimu lakini kubwa: kichwa kuuma ghafla kwa ukali, kutapika na macho kufifia. Hiyo huweza kuwa damu iliyovujia kwenye pituitari, na ni dharura.

Kabla ya sindano ya kwanza

PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu ili kufuatilia saratani hii, ipimwe kabla. Ikipimwa mwezi mmoja baada ya sindano itakuwa imeshashuka, na hutajua imeshuka kutoka wapi. Pamoja nayo pimeni testosteroni, wingi wa damu, sukari, mafuta ya damu, figo, presha na uzito. Mwenye ugonjwa wa moyo apimwe na umeme wa moyo, kwa kuwa matibabu haya huweza kuvuruga umeme wa mapigo ya moyo na kuongeza hatari ya moyo na kisukari.

Mwambie daktari na nesi, wote wawili, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, rivaroxabani, klopidogreli au hata aspirini. Usiziache mwenyewe, lakini wajue. Kwa anayetumia warfarini, kipimo cha INR (kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda) cha karibuni kiwe mkononi siku ya sindano. Mtu mwembamba sana naye asemwe mapema: tumbo lisilo na mafuta humkaribisha nesi kwenye mshipa na msuli.

Kununua na kusafiri nayo

Wagonjwa wengi hununua sindano famasi mjini na kwenda nayo hospitali ya wilaya, na njiani dawa huweza kuharibika. Zoladex haitakiwi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 25. Dar es Salaam au Mombasa mchana huvuka hapo karibu mwaka mzima, na ndani ya basi lililoegeshwa juani ni mbali zaidi. Eligard inatunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Soma ubavuni mwa boksi kabla hujalipa.

Nunua karibu na siku ya kuchomwa. Ibebe kwenye kijokofu cha mkononi chenye vipande vya barafu, boksi likiwa limefungwa kwa taulo ili lisigusane na barafu, maana dawa hizi hazitakiwi kuganda. Ikae nawe kwenye kiti, si kwenye buti la gari wala juu ya basi. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na hakikisha pakiti ya foili ya ndani haijachanika. Foili hufunguliwa na anayechoma, wakati wa kuchoma. Risiti itunze, dawa ikileta shaka, ndiyo itakayokurudisha famasi.

Kwenye chumba cha sindano

Zoladex haichomwi kama sindano nyingine. Sindano yake ni nene, kwa sababu ndani yake kinapita kipande kigumu, na anayeichoma anatakiwa awe amefundishwa hiyo hasa. Muulize nesi kwa adabu kama ameshaichoma. Kama bado, asubiriwe mwenzake. Ukitaka kupunguza maumivu, krimu ya ganzi hupakwa saa moja kabla, au daktari huchoma ganzi kidogo mahali hapo.

Hatua zenyewe, ili mgonjwa na msindikizaji wajue kinachotakiwa kuonekana:

1. Mgonjwa analala chali, kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa kidogo. Hachomwi akiwa amesimama wala amekaa wima.
2. Mahali ni tumboni, chini ya usawa wa kitovu. Mara hii upande mmoja, mara ijayo upande mwingine. Chini ya ngozi ya eneo hilo unapita mshipa mkubwa wa damu pamoja na matawi yake, na ndiyo sababu ya tahadhari yote inayofuata.
3. Foili inafunguliwa, na nesi anahakikisha kipande cha dawa kinaonekana kwenye dirisha la bomba. Kibanzi cha plastiki kinatolewa, kisha kifuniko cha sindano. Hewa haitolewi. Hakuna maji ya kutolea hewa, na anayejaribu kuisukuma huweza kukiangusha kipande sakafuni.
4. Ngozi inabanwa kwa vidole viwili na kuinuliwa. Sindano inaingia kwa mshazari, nyuzi 30 hadi 45, tundu lake likitazama juu, hadi ala ya kinga ya bomba iguse ngozi. Haiingizwi kwenye msuli wala ndani ya tumbo.
5. Kishikio hakivutwi nyuma kutafuta damu. Sindano ikiwa imetoboa mshipa mkubwa, damu itaonekana yenyewe kwenye bomba. Hapo inatolewa mara moja, mahali pakandamizwe, na sindano mpya ichomwe kwingine baada ya hali kutulia.
6. Kishikio kinasukumwa hadi mwisho kabisa. Kikifika mwisho, ala ya kinga hujifungua na kuifunika sindano inapotolewa, na mara nyingi husikika mlio mdogo. Ala isipofunguka, inawezekana dawa haikuingia yote. Usitoke chumbani kabla hilo halijaangaliwa.
7. Bomba linaingia kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali. Mahali panafunikwa plasta.

Kwa sindano za unga, Lupron Depot au triptorelini inapochanganywa hutakiwa kuonekana kama maziwa, bila mabonge, na ichomwe papo hapo. Ikiachwa wakati nesi anahudumia foleni, unga hutuama chini na kuziba sindano, kisha sehemu ya dozi hubaki kwenye bomba. Eligard itolewe friji mapema ili ifikie joto la chumba. Ikiwa baridi haichanganyiki vizuri.

Degarelix ina adabu yake. Chupa huzungushwa polepole na haitikiswi, kwani hutoa povu. Kuyeyuka huweza kuchukua hadi dakika 15, na haraka ya nesi hapa ni hasara ya mgonjwa. Huchomwa kwa kina chini ya ngozi ya tumbo, nyuzi 45, polepole kwa nusu dakika hivi, mbali na mbavu na mahali mkanda wa suruali unapobana. Mwambie mapema unafungia mkanda wapi. Dozi ya kwanza mara nyingi huacha wekundu, uvimbe mgumu na homa ya siku moja mbili. Inasumbua, lakini kwa kawaida hupita.

Saa na siku zinazofuata

Kaa hospitali nusu saa. Uso kuvimba, mwili kuwasha kila mahali au pumzi kubana kuonekane na watu wenye dawa mkononi. Usisugue mahali palipochomwa, usikande kwa maji ya moto. Alama ndogo ya bluu si kitu.

Cha kuogopa ni damu inayovuja ndani. Tumbo kuuma na kuvimba kuzunguka mahali pa sindano, uvimbe unaokua, jasho la baridi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio. Kandamiza kwa nguvu kwa kiganja, na urudi hospitali bila kungoja asubuhi. Wekundu unaosambaa, joto na usaha baada ya siku mbili tatu ni dalili za maambukizi. Hiyo nayo irudishwe kwa daktari, isifunikwe kwa majani.

Hesabu ya tarehe

Wiki 12 ni siku 84. Miezi mitatu ya kalenda ni siku 89 hadi 92. Aliyechomwa Januari 5, 2026 na kuandikiwa "rudi baada ya miezi mitatu" atafika Aprili 5, lakini dawa yake ilimalizika Machi 30. Zaidi ya hayo, Aprili 5 ni Jumapili ya Pasaka, kliniki imefungwa, basi ataonwa katikati ya wiki. Siku sita zimekuwa tisa au kumi.

Njia nyepesi ni kushika siku ya wiki. Wiki 12 hazibadilishi siku: Januari 5 ni Jumatatu, Machi 30 ni Jumatatu. Ukiona tarehe uliyopewa haiangukii siku ileile ya wiki, uliza. Ile ya siku 28 pia hufuata kanuni hii, na kwa mwaka huhitaji sindano 13, si 12. Za wiki 12 nne hutosha siku 336 tu. Ya tano huingia kabla ya mwaka kwisha. Anayepanga bajeti au kufuatilia kibali cha bima aanze na hesabu hiyo, na aombe kibali wiki tatu kabla.

Kwenye daftari bandua kibandiko cha namba ya toleo kutoka kwenye boksi na ukigandishe, kisha andika tarehe, jina, miligramu, upande wa tumbo, na tarehe ijayo. Daftari hili lina thamani kuliko faili la hospitali siku utakapotibiwa mji mwingine.

Ukichelewa, usione haya na usisubiri "mwezi ugeuke". Chomwa haraka iwezekanavyo na uanze kuhesabu upya kutoka siku hiyo. Ukiwa umekaa miezi bila sindano, mwambie daktari kabla ya kuchomwa, kwa sababu homoni inaweza kuwa imerudi, na kile kidonge cha mwanzo kikahitajika tena.

PSA peke yake haitoshi

PSA kila miezi mitatu hivi ni ada ya kawaida. Lakini PSA ikipanda, swali la kwanza liwe testosteroni iko wapi. Lengo ni chini ya nanogramu 50 kwa desilita, na madaktari wengi hupenda iwe chini ya 20. Angalia kizio cha maabara: 50 hiyo huandikwa 0.5 kwa kizio cha nanogramu kwa mililita, na 1.7 kwa nanomoli kwa lita. Wapo walioshtuka bure kwa kusoma namba bila kizio.

Damu ya testosteroni itolewe muda mfupi kabla ya sindano inayofuata, dawa ikiwa imekaribia kwisha. PSA imepanda na testosteroni haiko chini: sindano ndiyo iliyoshindwa, labda ilichelewa, haikuingia yote au haikuwa ile iliyoandikwa. PSA imepanda huku testosteroni ikiwa chini: saratani imejifunza kuishi kwa homoni kidogo, na tiba huongezwa. Ni njia mbili tofauti kabisa, na bila kipimo hicho daktari anabahatisha. Kina gharama, lakini ni nafuu kuliko kuhamishiwa dawa kubwa isiyohitajika.

Mwili bila testosteroni

Joto la ghafla usoni na kifuani, jasho usiku, uchovu, hamu ya tendo la ndoa kuisha, nguvu kupotea, matiti kujaa, tumbo kuongezeka na misuli kupungua. Haya mkewe ayasikie kutoka kwa daktari kabla ya sindano ya kwanza, wakiwa pamoja. Akiyagundua mwenyewe nyumbani atayatafsiri vingine. Joto hupungua kwa wengi wakipunguza chai ya moto sana, pilipili na pombe, na kulala na nguo nyepesi. Likizidi, zipo dawa. Huzuni inayokaa wiki mbili nayo isemwe. Dawa za nguvu za kiume za mitaani ziachwe. Zenye homoni humlisha adui, na zenye sildenafili huweza kumuua anayetumia dawa za moyo za naitreti.

Mifupa hupungua kimyakimya. Kalisi ya miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula kikihesabiwa humo, pamoja na vitamini D ya yuniti 800 hadi 1,000. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mtindi husaidia sana. Mchicha una kalisi, lakini mwili huipata kidogo. Tembea kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki, na mara mbili ufanyishe misuli kazi kwa kunyanyua vitu, hata chupa za maji. Mwenye saratani kwenye pingili za mgongo aulize kwanza ni uzito gani anaruhusiwa. Kabla ya kuanza dawa za mifupa kama asidi ya zoledroniki, meno mabovu yatibiwe, kwa sababu kung'oa jino baadaye huweza kuacha mfupa wa taya usiopona.

Sindano inaendelea hadi lini

Daktari akiongeza abirateroni, enzalutamidi au tiba ya dripu ya dosetakseli, sindano ya homoni kwa kawaida haikomi. Wengi huiacha hapo wakidhani vidonge vipya vimechukua nafasi yake, na gharama huwashawishi. Muulize daktari waziwazi, na jibu liandikwe kwenye daftari.

Kama safari na bei ya kila wiki 12 havibebeki, ipo operesheni ya kuondoa korodani zote mbili. Hushusha testosteroni ndani ya saa chache, haina mpando wa mwanzo, na hulipiwa mara moja. Matokeo yake dhidi ya saratani ni sawa na ya sindano, na athari za kukosa homoni ni zilezile. Haina kurudi nyuma, na kwa mzee mwingine ni jambo zito kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa mwingine ni mwisho wa kuhesabu tarehe. Aliyekwisha kufanyiwa hahitaji tena sindano hizi, na mtu akimuuzia, aonyeshe cheti cha operesheni.